Mwalimu wa Kijerumani Anayekohoa Darasani

Mpendwa Shangazi Wangeci, nisaidie kabla sijaaibika, mimi nafundisha Kijerumani katika shule moja karibu na Kapsoit, kazi niliyoipata kwa sababu niliwahi kuwa mkalimani wa Wajerumani waliochimba visima kule Siongiroi, lugha nikaiokota kwa masikio tu, na kumbe ile miisho ya vivumishi sikuielewa kamwe, mara -er, mara -en, mara -em, kwa hivyo nikifika hapo naimeza au nakohoa kidogo, na sasa Shangazi, wanafunzi wangu wote kumi na mmoja wanakohoa kama mimi wakidhani ndivyo Kijerumani kinavyosemwa, na mwezi ujao mtahini anakuja kuwasikiliza mmoja mmoja. Juzi msichana anayeitwa Fancy aliinua mkono akasema, "Mwalimu, mbona hii inabadilika na ile inabaki tu hivyo? Mimi sioni rule," nami nikamwambia ana kiburi, nikamtuma kuchuma chai kwenye shamba la shule hadi jioni, akaenda, na tangu siku hiyo hakuna anayeuliza kitu. Silali. Je, nijifanye mgonjwa siku ya mtahini?

Kimutai (si jina langu halisi)

Shangazi anajibu:

Kimutai, pole, lakini ukijificha kitandani, watoto hao watakohoa mbele ya mtahini bila wewe, na cheti ni chao. Kwa kutojua nakuonea huruma. Kwa ile adhabu, hapana.

Nilimuuliza rafiki aliyesomea Ujerumani, akanieleza nikisonga ugali, na hata mimi nikaelewa. Lazima neno moja mbele ya nomino lionyeshe jinsia yake na kazi yake katika sentensi. Ukisema "der gute Tee", yaani chai nzuri, der imeshaonyesha, kivumishi kinapumzika na -e. Ondoa der, kivumishi kinabeba mzigo chenyewe: "guter Tee". Ein hapo haionyeshi chochote, ndiyo maana "ein guter Tee". Vivyo hivyo baada ya mit, yaani "pamoja na", ambapo der hugeuka dem: "mit dem guten Tee", kivumishi kinapumzika na -en, lakini "mit gutem Tee". Mengine yako kwenye jedwali la kitabu cha sarufi, ambacho nadhani umekifungia kabatini.

Jumatatu mwombe Fancy radhi mbele ya wenzake, sio kando kwenye korido. Waambie kikohozi ni chako, si cha Wajerumani. Watacheka, waache wacheke. Kisha andika jedwali lote ubaoni, mlisome pamoja kila asubuhi, nawe ukiwa mwanafunzi wa kumi na mbili. Siku ya mtahini vaa tai, usimame mlangoni wakuone wanapoingia. Wakikosea, wakosee kwa sauti.