Mvua Isifike Likasi

Papa wangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Kanisani, wote wanapoomba mvua, mimi naomba isinyeshe.

Pasta anatusimamisha na kutuambia tupaze sauti. Joto limezidi, mihogo inakauka shambani, maji ya ziwa la Mwadingusha yameshuka na umeme unakatika kila siku. Watu wanalia, "Tuma mvula, Bwana!" Mimi nainamisha kichwa na kuchezesha midomo kama wao, lakini moyoni nasema: usitume, ngoja kidogo, usitume. Unajua sauti yangu ilivyo ndogo. Hakuna anayenisikia.

Ulitoka na lori la shaba kwenda Dar es Salaam mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaisha. Ulifika bandarini, ukanipigia, kisha simu yako ikazimika. Mwenye lori alituambia gari lake lilikutwa limeegeshwa vizuri, funguo ziko kwa mlinzi, na wewe haupo. Zaidi ya hapo hakujua kitu. Mvua za mwaka jana zilipoanza, tulikungoja. Zilipokwisha, tukaendelea kukungoja. Ndipo Baba Mukubwa, kaka yako, alipotukusanya sebuleni, wakati baridi ya asubuhi ilikuwa bado inauma vidole.

"Mvula ya kwanza ya mwaka huu, kama yeye hayarudia, tunalia kilio," alisema. "Muntu hawezi kuwa mufu na muzima mara moja."

Hakuna aliyempinga. Kilio kikishaliliwa, Papa, umekufa. Mama atanyolewa nywele. Baba Mukubwa ataingia katika nyumba uliyoijenga mwenyewe kila ulipokuwa likizo, mimi nitapelekwa kwa shangazi huko Kakanda. Na siku ukirudi, utarudi kama nani? Watu watakuwa wameshakulilia, na machozi hayarudishwi machoni.

Mwezi wa tisa yalidondoka manyunyu kidogo, hata vumbi la uani halikutulia. Baba Mukubwa akaja mbio, kofia mkononi.

"Shemeji, mvula njo ile, ile ya kwanza!"

"Ile?" Mama akasema, anageuza samaki kwenye mafuta. "Ile ni mvula ya maembe. Inakuja kunawisha maembe, kiisha inaenda. Kama weye ni embe, furahi."

Majirani walicheka hadi yeye mwenyewe akacheka. Unajua kwetu mvua ya maembe haihesabiwi. Mvua yenyewe ni ile inayowatoa kumbikumbi ardhini. Akaondoka akisema, "Tutaona kama kumbikumbi nao watakuwa maembe."

Siku ile nilimpenda Mama kuliko siku zote. Lakini Jumapili iliyopita nilimwona kanisani akiomba mvua, mikono juu, macho yamefumbwa, shingo imelowa jasho. Sijui kama alisahau au amechoka. Sikuthubutu kumwuliza. Tangu hapo nahisi nimebaki peke yangu kukushikilia, na mikono yangu haina nguvu.

Nakumbuka simu zako. Wenzangu huzungumza na baba zao mambo mengi, mimi nikisikia sauti yako maneno yalikuwa yananipotea. Wewe ulilijua hilo, ndiyo maana hukuniuliza habari za shule wala za afya. Kwa lile jina lako la kunitania uliuliza tu, "Mama mudogo, huko juba iko namna gani?" Basi nilitoka uani nikalitazama jua, hiyo juba yako, nikakwambia: kuna moshi, wamechoma majani upande wa Buluo, jua ni jekundu kama chungwa. Na wewe ukanipa ya kwako. Mbeya kuna ukungu, madereva wamevaa makoti mawili na bado wanatetemeka. Chini mabondeni upepo ni wa moto, ukitoa mkono dirishani unaurudisha haraka. Mara ya mwisho ulikuwa pwani. "Juba ya huku haichome, inatokosa," ulisema, ukacheka. "Shati inanata mu mugongo kama mutoto." Nikacheka na mimi. Nilitaka kukwambia rudi. Nikasema, "Huku kumetulia, Papa."

Mwaka huu nimepata diploma ya kumaliza sekondari. Siku ya matokeo walinimwagia poda kichwani, barabara nzima nyeupe, wasichana wanaimba, magari yanapiga honi. Mimi nilikaa na poda ile mpaka ikaanza kuniwasha. Mama akasema, "Oga basi, unafanana na keki." Sikuoga. Nilifikiri kama ni siku ya kurudi, itakuwa leo, na nilitaka uikute.

Sasa nakuandikia jambo lenyewe. Juzi Mama alinituma Mwadingusha kuchukua samaki wake wa kuuza, kwa sababu mguu wake umevimba. Asubuhi ziwa lilikuwa limelala, matope ya ukingoni yamepasuka, mitumbwi imekaa mbali na maji. Hewa ilikuwa nzito, hata mbwa hawakubweka. Mchana upepo ukageuka ghafla. Ulitoka upande wa ziwa, wa baridi, una harufu ya udongo. Nikaona maji yanakuwa meusi, kisha meupe, na ule weupe unatujia.

Nilikimbia chini ya bati la wauza samaki. Mama mmoja akanicheka. "Ee, mutoto wa Likasi! Unakimbia mvula? Ni chumvi weye?"

Wengine wakatoka kucheza ndani yake, wanawake wazima, vitenge vimewaganda. Mimi nilisimama pale na kulia, na kwa kuwa uso ulikuwa umelowa hakuna aliyejua. Nikajiambia ni ya maembe, itakatika. Haikukatika. Ilipiga mpaka nyufa za matope zikafunga. Na ilipokwisha, Papa, ardhi ikafunguka, kumbikumbi wakatoka, wengi, wakajaa hewani hadi mtu anafumba mdomo. Watoto wakawakimbilia na mabeseni.

Gari la samaki lilinishusha Likasi, dereva akaendelea na safari yake ya Kakanda. Huku kwetu vumbi lilikuwa vilevile, na upepo wa njiani ulikuwa umekausha nguo zangu. Baba Mukubwa alikuwa amekaa uani kwetu anakunywa chai.

"Kule ku ziwa, mvula?" akaniuliza.

Mama aliacha kupanga samaki.

"Juba tu, Baba Mukubwa," nikasema. "Juba mukali."

Aliniamini, kwa sababu mtoto asiyesema sana watu hudhani hawezi kudanganya. Mama alinikaribia, akaokota bawa dogo lililonata kwenye shingo yangu, akalifunga kwenye pindo la kitenge chake.

Leo mawingu yamesimama upande wa bonde la Lufira. Yanasogea, nayaona nikiwa hapa mlangoni. Sijui kama ni kesho au keshokutwa. Papa, kama uko hai, piga simu, hata usiseme kitu, nisikie tu pumzi yako. Kama una mke mwingine huko pwani, kaa naye, sitakuuliza, ila mpigie Baba Mukubwa mwambie hujafa. Kama umefungwa, tuma mtu. Nakuomba. Sijui tena niombe vipi.

Na wewe mwingine uliyekutana na barua hii kabla yake, kama unamjua, mwambie afanye haraka. Lakini ukipita Likasi, tafadhali, usimwambie mtu yeyote kwamba kule ziwani imeshanyesha.

Nakungoja mlangoni,
mtoto wako wa kike