Kwa Fundi Aliyeacha Ukuta Bila Maandishi

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu asubuhi ile ulipomwomba Mama akufungulie dirisha upate hewa, naye alipogeuka akakuta umekwisha kwenda.

Watu walikujua kwa kazi ya kupaka rangi nyumba, na kwa jina la Konokono, maana hukuharakishwa na mtu. Ulikwangua rangi ya zamani, ukapiga msasa, ukafuta vumbi, kisha ukakaa ukiutazama ukuta kama mtu anayengoja kuitikiwa salamu. Mwenye nyumba akinung'unika ulimwambia, "Mzee wangu, ukuta ukifunikwa haujakauka, utakuja kutuumbua sote wawili." Walionung'unika ndio waliorudi kukutafuta.

Rangi iliyobaki kwenye makopo uliileta nyumbani. Vitanda vyetu vitatu ulivipaka kila kimoja rangi yake, na tulipogombana ulitutenganisha kwa kusema tu, "Bluu kwako, njano kwako." Chai haikumiminwa hadi wa mwisho awe ameketi.

Jumapili mchana ulijifungia chumba cha nyuma ukachora. Hukuchora vitu kama vilivyo. Nyumba zako ziliinama kama zinanong'onezana. Mama ulimchora uso wa kijani, mikono mitatu. Alipouona mchoro alishika kiuno. "Ndiye mimi huyu? Nimeugua nini?" Ukamjibu, "Hujaugua, mama watoto. Kazi zako nimezihesabu, nikaona mikono miwili haikutoshi." Mama alicheka hadi akajifuta machozi, na tangu siku hiyo alipochoka alikuwa akisema, "Leo hata ule wa tatu unauma."

Kisha redio ikaanza kusema kwamba michoro ya namna hiyo ni sumu kwa taifa. Ikaundwa Kamati. Kila anayechora alitakiwa kuwa na kibali, na kibali kilitolewa kwa waliochora viongozi, mashamba na viwanda tu. Siku moja lori lilisimama mbele ya duka la rafiki yako fundi fremu, likabeba michoro yako yote tisa uliyokuwa umempelekea. Hukuwahi kutia jina, ulichora kikonokono pembeni basi. Fundi fremu aliulizwa ni ya nani, akasema aliletewa na mpita njia. Mungu amlipe.

Lakini mafundi rangi wote waliandikwa kwenye orodha. Kila Alhamisi, saa nne asubuhi, alikuja kwetu yule mkaguzi tuliyempa jina la Bwana Kidole, maana kazi yake ilikuwa kupapasa brashi aone kama zimelowa.

"Hii imelowa kwa nini?"

"Mimi ni fundi rangi, bwana mkubwa. Brashi yangu ikikauka, watoto hawali."

Ulisema hivyo ukitabasamu. Sisi tulisimama nyuma ya pazia roho zikiwa mkononi. Mama aliweza kuendelea kufua, ila nguo moja aliisuuza mara nne.

Halafu ukaitwa kwenye kazi. Jumba kubwa la mikutano lipakwe chokaa, na juu ya kila mchoro utakaotundikwa yaandikwe maneno yatakayopewa fundi kwenye karatasi. Hukujua ni maonyesho ya nini mpaka ulipofika. Kamati ilikuwa imekusanya michoro iliyopigwa marufuku ili watu waletwe kuicheka. Yako ilikuwa imeegemezwa ukutani.

Uliandika, Baba. Tumelisikia hili kutoka kwa fundi plasta, aliyekuwa nawe siku zote tatu, wala hatuna sababu ya kulificha. Juu ya nyumba zako zilizoinama uliandika kwamba aliyezichora ni mlevi, kwa herufi zilizonyooka kama kawaida yako. Ulitufikiria sisi, ukameza. Hadi ulipofika kwenye mchoro wa mwisho, siku moja kabla ya ufunguzi. Karatasi ilisema: HIVI NDIVYO WANAVYOWATUKANA MAMA ZETU.

Ukashuka kwenye ngazi, ukaosha brashi.

"Bado moja," msimamizi akasema.

"Hilo siliandiki."

"Kwa nini?"

"Huyu ni mke wangu."

Fundi plasta anasema hukupandisha sauti. Msimamizi hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alitoka akaenda kupiga simu, nawe ukakaa juu ya ndoo ukawangoja.

Kesho yake walimwita Mama. Alituacha kwa shangazi, dada yako, akasema anarudi kabla ya chakula. Afisa alimwekea mezani picha ya ule mchoro, iliyopigwa kwa kamera. "Mumeo anasema huyu ni wewe." Mama alijua akisema ndiyo, ataulizwa michoro mingine ilifichwa wapi na nani alisaidia, na huenda asirudi. Akilini alituona sisi watatu mezani kwa shangazi, mdogo akiwa hajafikisha miaka miwili.

"Simjui," akasema. "Kweli mimi nafanana na kitu hiki?"

Afisa akacheka, akamwachia. Alipotoka, akakuona umeketi kwenye benchi upande wa pili wa mlango uliokuwa wazi. Hukuinua kichwa.

Ulirudi baada ya miezi saba, mchana, umekonda, ukala. Ulipomaliza ulisema, "Ulijibu vizuri, mama watoto." Mama akangoja neno la pili. Halikuja. Kwa miaka kumi na tisa amelipindua neno lile moja upande huu na upande ule, asijue kama lilikuwa asante au lawama. Alipokuwa akikuuguza alikata shauri kukuuliza, na kila alipofungua mdomo aliishia kukuuliza kama una kiu. Nawe hukuchora tena. Bwana Kidole aliendelea kuja, akizikuta brashi zimelowa rangi ya kuta tu.

Kamati ilivunjwa kwa tangazo la mistari miwili. Michoro tuliambiwa ilichomwa nyuma ya jumba. Waliokuwa ofisini wengi bado wamo, wamehama madawati tu, na Mama mpaka leo, Alhamisi ikifika saa nne, huacha analofanya akasikiliza mlango.

Miezi miwili iliyopita mlango uligongwa kweli. Tulimwona Mama akiisukuma kwa mguu ile ndoo ya brashi zako iingie chini ya meza. Hazijaguswa na mtu tangu ufe.

Mgeni alikuwa mwanamke, mwalimu wa hesabu. Alikuwa ameelekezwa kwetu na fundi plasta. Hakutaka hata chai kabla hajasema lililomleta.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja," alisema. "Shule ilitupeleka kwenye yale maonyesho. Kila mchoro mwalimu alitusomea maneno ya ukutani, nasi tukacheka kama tulivyofundishwa. Tukafika kwa yule mama wa kijani. Juu yake ukuta ulikuwa mweupe. Nasikia hawakumpata fundi mwingine kwa wakati. Mwalimu akakosa la kusoma, tukabaki tunamtazama. Mwenzangu mmoja akasema, 'Amechoka, kama mama yangu.' Hakucheka mtu. Nimetaka kujua miaka yote hii, yule mama alikuwa nani?"

Tulimtazama Mama. Alishika ukingo wa meza, akautazama mlango, akatutazama sisi mmoja mmoja.

"Ni mimi," akasema. Akakohoa, akarudia kwa nguvu kama anayesema na mtu aliye chumba cha pili. "Yule ni mimi. Mume wangu alinichora mimi."

Karani wa gazeti ametuuliza mara mbili kama tuna uhakika tunataka haya yatoke. Hatukulala vizuri kwa kulifikiria. Lakini Mama ndiye aliyetutuma, Baba, na amesema tusipunguze kitu.

Unakumbukwa na mkeo, mwenye mikono mitatu, wanao, bluu, njano na nyekundu, wakweo, dada yako aliyetutunza, wajukuu wanne, fundi plasta na fundi fremu.

Tutakukumbuka siku zote, na kwa sauti.