Uliposema Mpeho

Mpendwa Baba Zawadi,

Leo alasiri upepo umeinuka hapa Korogwe, ule wa upande wa Mashewa, unaochezea majani kwanza kama hauna haraka. Nilikuwa barazani napepeta choroko. Maganda yalipoanza kuruka kabla sijatikisa ungo, nikautua chini, nikisubiri useme neno lako. Nimesahau tena kwamba hupo. Arobaini yako tumeisoma juzi.

Nina jambo la kukuambia. Nimekaa nalo tangu kabla hujanioa, na kila nilipotaka kulisema chai ilikuwa inachemka, au mtoto analia, au wewe ulikuwa umefurahi mno nisitake kukuharibia. Nilikuwa mwoga, basi.

Unaikumbuka nyumba ya magurudumu? Siku hizi nikifumba macho naiona ikija yenyewe, haina gari mbele, inaelea juu ya vumbi jekundu la Handeni. Mzungu wa shamba la mkonge aliiacha alipoondoka, ikafanywa kliniki ya mama na mtoto, na wewe ukapewa kazi ya kuivuta kwa Land Rover. Ubavuni ilikuwa na kibaraza cha turubai, paa juu ya milingoti ya chuma, na kuta tatu za turubai za kuning'iniza pembeni. Kijijini Kwaluguru waliiita nyumba iliyojifunga kanga. Mimi nilikuwa napima watoto uzito, na tukifika kijijini, kuta zile nilizifunga mimi.

"Dada, unaliua turubai," uliniambia siku ya kwanza. Sikuwa hata nimekusalimu. "Kamba hiyo ni katani. Ikilowa inajikunja. Ukiikaza hivyo mvua itang'oa kigingi."

"Mimi nimezaliwa kwenye katani, kaka. Usinifundishe."

"Umezaliwa inakokatwa. Kufunga ni kazi nyingine."

Nilikuchukia mpaka manyunyu yalipopita. Kamba zikalia, zikajivuta, na kigingi kikachomoka ardhini taratibu, mbele ya macho yangu, kama jino bovu. Hukucheka. Uligeuka ukatazama kilima, ila mabega yalikuwa yanatikisika.

Basi nikajifunza kuacha nafasi ya vidole viwili kwenye kila kamba, na kulaza viroba vya mchanga juu ya pindo la chini. Lakini kwa upepo ulikuwa na imani moja tu: ukija, funga kuta zote tatu, shikilia, omba Mungu. Mimi nilifuata.

Halafu ikaja siku ya Sindeni. Ulikuwa mwaka wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa, na pale walikuwa wamefika karibuni. Nyumba zilikuwa miti mitupu, bila udongo wala nyasi. Kivuli cha maana kilikuwa kibaraza chetu. Mwanamke mmoja alishikwa uchungu akiwa kwenye foleni, na kwa kuwa ndani ya kliniki mlikuwa moto kama jikoni, Mama Muuguzi akamlaza kwenye godoro chini ya turubai. Tukashusha kuta zote tatu tumsitiri.

Nakumbuka ukimya uliotangulia. Kuku waliingia chini ya gari. Vumbi likasimama wima kule barabarani, refu, likaanza kutembea kuja kwetu, na mimi nililitazama tu kwa sababu lilikuwa zuri.

Upepo uliingia chini ya pindo la upande wako, ukajaa ndani, hauna pa kutokea. Paa likavimba. Milingoti ikaanza kunyanyuka ardhini, chuma kizito, na chini yake mwanamke yule hawezi kwenda popote. Wewe ulining'inia kwenye mlingoti wa mbele. Mimi nilikuwa upande wa pili, kamba ya ukuta imezungushwa mkononi, inanikata. Nilikuona mdomo wako ukifunguka katikati ya vumbi, na sauti ikanifikia vipande vipande:

"Mpe! Mpe!"

Nikampa. Niliachia kamba. Ukuta wangu ukaruka juu, upepo wote uliokuwa ndani ukapita ubavuni mwangu ukaenda zake, na paa likashuka likatulia juu ya milingoti. Nilisikia mtoto akilia. Alikuwa wa kike.

Ulikuja umejaa vumbi hadi kwenye kope. "Umejuaje?" ukaniuliza.

Baba Zawadi, sikujua kitu. Wewe Mzigua ulikuwa unapiga kelele "Mpeho! Mpeho!", upepo, upepo, nikaze mikono. Mimi binti wa manamba, vibarua wa mkonge waliotoka mbali, nyumbani kwetu tulikuwa na Kiswahili peke yake, nikasikia mpe, mpe huyo upepo njia. Nililielewa neno hilo wiki mbili baadaye, upepo ulipovuma na mama mmoja wa Kwaluguru akajifunika shuka akilalamikia mpeho. Nilitaka kukimbia nikuambie. Lakini ulikuwa umeshakwenda kwenu. Mama yako alikuwa ameshasema mtoto wa manamba hana kwao, na wewe ulikuwa umeshamjibu: "Mama, huyu anaujua upepo."

Nimeolewa kwa neno hilo. Nikanyamaza. Miaka yote, ukisimulia wageni habari ya Sindeni, mimi nilikuwa na kazi jikoni. Niliogopa kwamba unampenda mwanamke mwingine, yule aliyejua, na siku ukimkosa utanitazama kama kigingi kilichong'oka.

Sasa sikia. Juzi kwenye arobaini vijana walifunga turubai pande zote, wakakaza kweli kweli. Upepo ukaja katikati ya kisomo, paa likavimba. Nikainuka mkekani, na kabla sijafikiri nikapiga kelele, "Mpeho!" Mimi, kwa Kizigua, mbele ya ukoo wako mzima.

Dada yako alikuwa kando yangu. Akanishika kanga, anacheka na machozi yanamtoka. "Mpe, wifi! Mpe!"

Nikamgeukia. "Hilo umelitoa wapi?"

"Kwa kaka. Wiki ile ile ya Sindeni alikuja akaniambia, 'Nimempigia kelele akaze, bila shaka kasikia mpe, kaachia. Na kumbe mwenye kukosea ni mimi. Namtaka huyo huyo.' Akaniapisha nisikuambie. Alisema ukijua utaona haya, utaanza kukaza tena."

Kwa hiyo ulijua! Kila upepo ulipoinuka hapa barazani, wewe ukasema "mpe" na kunitazama kwa pembeni ya jicho, mimi nikaenda kufungua dirisha nikidhani unanisifu, ulikuwa unanitania, mwanamume wewe. Jana nimekasirika siku nzima. Jioni nimekulilia kuliko siku ya mazishi.

Vijana tuliwaambia wafungue upande wa pili. Turubai likatulia, kisomo kikaendelea.

Na leo maganda ya choroko yametapakaa baraza zima. Hakuna aliyesema "mpe", nimelisema mwenyewe kwa sauti, kisha nimekwenda kufungua dirisha la upande wako. Lala salama, Baba Zawadi.

Ni mimi mkeo,
yule yule uliyemtaka,
Mama Zawadi