Kadi ya Zulema

Jumatano, 12 Novemba 1969

Zulema Arispe, miaka kumi na saba, amefukuzwa shule leo asubuhi. Mwalimu mkuu Haskell amenithibitishia mwenyewe kwa simu. Kosa: kwenye kadi ya mwanafunzi, mahali pa rangi, alikata “mweupe” akaandika “Chicana”, yaani binti wa asili ya Meksiko. Akilirudisha neno la kwanza, anarudi darasani. Asipolirudisha, hamalizi mwaka — na chuo cha San Antonio kimekwisha kumpa nafasi. Bodi ya shule itasikiliza shauri Jumatatu.

Niliandika aya sita. Mhariri wangu, Dunlap, akafuta “Chicana” kila lilipo, akaweka “Mlatini”. Nikamwambia msomaji hatajua binti kafukuzwa kwa nini. Akasema gazeti hili halichapishi matusi.

Nimeondoa jina langu kwenye habari. Miaka kumi na tisa hapa — mara ya kwanza.

Alhamisi, 13 Novemba

Hata baba yake Zulema, Mzee Anselmo fundi viatu, analiita neno hilo tusi. Nilikuwa dukani kwake mchana. Zamani, anasema, Wameksiko waliotangulia kukaa Texas waliwaita hivyo wale waliovuka mto wa mpakani juzi, peku, kuchuma pamba. Yeye alikuwa mmoja wao. Aliporudi kutoka vitani akaishtaki wilaya ya shule, ili Wameksiko waandikwe weupe na watoto wao wasitengwe shuleni. Akashinda. Sasa binti yake mwenyewe kalikata neno “mweupe”.

“Tena kwa wino!” Kana kwamba penseli angeisamehe.

Zulema alileta kahawa akakaa. Hakupandisha sauti. Alisema neno lake linatokana na watu waliokuwa hapa kabla ya mpaka, na hata kama lilikuwa tusi, si lake kulionea aibu.

“Walikudhalilisha nalo, Baba. Mimi nimelichukua. Watanidhalilisha kwa lipi tena?”

Mzee akamwambia mdomo hauna ada, ndiyo maana anautumia ovyo.

“Haya. Ulipokuwa mweupe, bwawa la mji uliruhusiwa kuoga siku gani?”

Mzee aliweka chini kiatu alichokuwa akishona.

“Ijumaa.”

“Na Jumamosi?”

“Walibadilisha maji.”

Akarudia kiatu chake. Kahawa yake ilipoa pale pale. Nikaaga.

Ijumaa, 14 Novemba

Habari imetoka. Ukurasa wa saba, bila jina langu, bila neno lenyewe.

Saa nne nilikwenda ofisi ya bodi kunakili orodha ya wasemaji. Mzee Anselmo alikuwa kwenye dirisha la karani, kavaa koti la Misa. Karani akamwuliza atasema upande wa shule au wa mwanafunzi. Aandike jina kwanza, alijibu. Karani akasema fomu inataka upande.

“Acha wazi, bibi. Jumatatu ukishanisikia, utajaza mwenyewe.”

Kisha akanigeukia. “Na wewe, mwanangu, usinipunguzie hata neno moja.”

Nimemwarifu Dunlap: litakalotamkwa kikaoni nitaliandika lilivyo. Akilifuta, atafute mwandishi mwingine.

Kikao ni Jumatatu tarehe 17, saa moja jioni, ukumbi wa shule. Msemaji wa kwanza: Anselmo Arispe. Upande — haujajazwa.