Mayai ya Banda la Goweko

Jumatatu, 3 Juni 1974
Treni ya mizigo imepita. Nimeweka bendera, nimerudi nyumbani, nimepika uji. Umeungua tena. Mapacha, Kulwa na Doto, wamekunywa hivyo hivyo. Shija hakugusa. Ana miaka mitatu. Tangu mama yake alazwe hospitali ya Kitete, Tabora, kusubiri kujifungua, mtoto huyu anakunywa maji na kulamba sukari basi. Mbavu zimeanza kuonekana. Naogopa.

Jumatano, 5 Juni
Nimempeleka Shija kutazama kuku wa kijiji cha Ujamaa, ng'ambo ya reli. Nilitaka aache kulia tu. Bibi Sesilia, mtunza kuku, akamwekea yai mkononi, bado la moto. Shija akalibandika shavuni. Akacheka.

Nikaomba kununua. Amekataa kwa upole: mayai ni ya wale wanaofanya kazi za kijiji, na mimi ni mtu wa reli. Nikamuuliza kazi gani imekosa mtu. Akanionyesha ufagio.

Alhamisi, 6 Juni
Alfajiri tumefagia kinyesi cha kuku, mimi na mapacha. Baridi. Wanaume waliokuwa wakienda shamba la tumbaku walisimama kutucheka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Tumepewa mayai. Nimeyachemsha. Shija amekula kiini chote, ute akampa Doto. Nilikaa chini. Nikamfuta mdomo.

Ijumaa, 7 Juni
Tumefagia. Leo nimekaanga, na nyanya. La kwanza limeungua, nimekula mwenyewe. La pili Shija amelimaliza na kulamba sahani. Kulwa anasema napika vizuri kuliko mama. Muongo, lakini nimefurahi.

Jumatatu, 10 Juni
Mwenyekiti wa kijiji amekuja stesheni. Amesema mbele ya abiria kwamba mtumishi wa reli hana haki ya mayai ya Ujamaa, nisubiri mkutano wa kesho. Treni ilikuwa inaingia, nikaenda kuinua bendera.

Jioni Shija ameuliza yai liko wapi. Sina. Ugali ameusukuma pembeni. Amelala na njaa.

Jumanne, 11 Juni
Mkutano, uwanja wa shule. Mwenyekiti si mtu mbaya. Hoja yake nzito: akinipa mimi, kesho atamnyima nani? Nikasimama. Nimesema tu mwanangu hali kitu kingine. Nikakaa.

Bibi Sesilia akainuka, kanga kaifunga kiunoni.

"Mwenyekiti, tangu banda lijengwe, mwanamume gani wa kijiji hiki amelifagia? Mimi nimemwona huyu, na watoto wake. Mkimnyima, kuku hawa mtawatunza wenyewe. Mimi nakwenda kulima viazi vyangu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Wale walionicheka walitazama chini. Mwenyekiti akajikuna kichwa, akacheka mwenyewe, akauliza nani anapinga. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Tumeshinda. Nimembeba Shija mabegani, tumevuka reli tukiimba, mapacha mbele na mayai ndani ya kofia yangu ya kazi. Hata moja halikupasuka. Tumekula yote tukiwa tumekaa mlangoni, kila mpita njia anatuona. Niliwataka watuone.

Jumamosi, 15 Juni
Shija ana mashavu. Leo amekula yai, kisha matembele, kisha akaomba ugali. Ameomba mwenyewe. Nimemwambia kila mtu stesheni, hata wasiouliza.

Adhuhuri, dereva wa treni kutoka Tabora alitoa kichwa dirishani kunipa habari za hospitali. Mtoto wa kike. Mama na mtoto wazima. Nimepunga bendera kama mwendawazimu, treni yenyewe imeshasimama.

Alhamisi, 27 Juni
Mke wangu Nyamizi amerudi. Amekonda, lakini anatembea vizuri. Shija alijificha nyuma yangu kidogo, halafu akaenda kumkumbatia magoti.

Nilimkalisha kwenye mkeka. Nikakaanga mayai, yeye ananitazama tu, kichanga kifuani. Hajawahi kuniona jikoni. Nilimpa sahani.

Alionja. Akatafuna polepole.

"Chumvi imezidi," alisema.

Akachukua la pili.