Mlango wa Juu Usio na Roshani

Mwanangu Yona,

Ni mimi mama yako. Mwandiko wangu unaujua, vumilia. Sikuulizi hali, naogopa utanijibu.

Ile nyumba ya wageni uliyokuwa unajenga pale stesheni Dodoma sasa imeezekwa bati, na mimi nawafulia mashuka. Ina ghorofa kama ulivyonieleza. Kuta za mawe nene, hata kwa jua la mchana ndani kuna baridi. Ngazi ya ndani inalia ukiikanyaga. Roshani tu ndiyo haikuisha. Mlango wake upo kule juu, unafungukia hewani, pale pale wewe ulipoanguka. Kila jioni naupiga komeo kwa mkono wangu. Kila asubuhi naukuta wazi, na kizingitini pana chokaa mbichi. Hakuna aliyekoroga chokaa tangu tukuzike.

Wageni wanasema upepo. Upepo haufungui komeo, baba.

Sasa Bwana mwenye nyumba amemwambia mdogo wako Daudi aimalize hiyo roshani. Nilimsihi akatae, akanicheka, "Mama, wewe hata kuku akipanda juu unamwita ashuke." Nikacheka naye.

Nikawaza. Siku ile ulipoanguka, mafundi wenzako waling'oa miti ya jukwaa la kupandia wakafunga machela, tukakubeba hadi nyumbani Mkonze. Njia yako ya kushukia tuliondoka nayo. Nikakukumbuka mdogo, unafukuza ndege kwenye uwele tuliouanika juu ya paa la tembe letu, naondoa ngazi kwa mzaha, nawe unalia, "Mama, irudishe, nimechoka huku."

Basi juzi nikajitwisha ngazi yetu, lile gogo la vidato, nikaiegemeza chini ya mlango ule. Haikufika juu. Nikasema, hapo utaruka.

Asubuhi komeo lilikuwa mahali pake. Vidato vyote vyeupe kwa chokaa, hadi cha chini.

Nimeirudisha nyumbani. Jana nikiwa nasaga, nikasikia mtu anatembea juu ya paa, taratibu, kwenye uwele. Ndege wote wakaruka. Sikutoka kutazama. Daudi alikuwa mbele yangu, anakula.

Kesho anapanda kule. Wewe baki hapa, mwanangu, tulindie uwele. Usimfuate, usimwite. Ngazi sitaiondoa tena, hata kwa mzaha, na chakula chako nitakiweka karibu nayo.

Pumzika sasa. Umeshafika.

Mama yako, niko hapa chini.