Miaka Miwili Niliyokuongezea

Nanjala,

Hakimu wa Busia alisema Jumanne, tarehe 20 Juni, kwamba kesi yako ilifunguliwa ikiwa imechelewa kwa miezi mitano na siku tano. Aliyasoma hayo kwenye karatasi, kwa sauti ya kawaida, kisha akavua miwani. Mimi nilikuwa benchi la tatu. Mama alikuwa kando yangu, amejifunga leso yako ya zambarau.

Naanza na hilo kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuandika, na kwa sababu ningeanza na machozi ungenicheka. "Bwana Gazeti," ungesema, "toa habari kwanza, ulie baadaye."

Habari ndiyo hiyo. Maelezo yake ni haya.

Sheria inampa mtu aliyeumizwa miaka mitatu ya kumshtaki aliyemuumiza na kudai fidia. Kama aliumizwa akiwa mtoto, miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku anapotimiza kumi na nane. Unayajua haya. Wakili wetu wa Kisumu alikueleza mwezi wa Januari, tukiwa tumeketi watatu katika hoteli iliyo karibu na soko la Busia, nami nilikuona ukihesabu kwa vidole chini ya meza. Ulikuwa na miaka kumi na tisa na miezi minne. Ukasema, "Basi niko ndani ya muda," ukaagiza chai nyingine na mandazi mawili, ukayala yote bila kunibakishia. Tulifungua kesi Jumatatu, tarehe 6 Februari. Kwa umri wako wa kweli ulikuwa bado na mwaka mmoja na nusu mkononi, na zaidi kidogo.

Mahakama haikuuhesabu umri wako wa kweli. Ilihesabu ule niliokupa mimi.

Wakumbuka Septemba ya 1974. Baba alikuwa hayupo tena, karo ilikuwa imetushinda, na jineri, kile kiwanda cha pamba, ilikuwa inaandika wasichana wa kuchambua. Walitaka mtu aliyetimiza miaka kumi na nane, na mkubwa wa nyumba wa kuapa kwamba ameitimiza. Wewe ulikuwa na kumi na sita. Kwetu Funyula halikuwa jambo la kumkosesha mtu usingizi. Kila mtu alikuwa na umri wa aina mbili, wa serikali na wa mama yake. Mvulana aliyeanguka darasa la saba alipunguzwa miaka ili arudie. Msichana aliyetafuta kazi aliongezwa. Hakuna aliyeita huo uongo. Tuliuita kumsaidia mtoto.

Tulikwenda Busia kwa yule mzee wa viapo, mwenye mashine ya chapa barazani. Alikuuliza ulizaliwa lini. Ukamjibu, "Wakati wa njaa, mzee, ndiyo maana naitwa Nanjala." Akasema, "Binti, njaa haina tarehe," akanigeukia mimi. Mama huhesabu kwamba ulizaliwa karibu na Septemba, mahindi yalipokauka shambani. Mwezi niliuacha kama ulivyo. Mwaka niliurudisha nyuma kwa miaka miwili: tarehe mosi Septemba, 1956. Nikaapa. Nikatia sahihi. Tulipofika nyumbani bado ulikuwa unacheka. "Leo mimi ni mtu mzima," ulisema, "ukitaka maji, nenda kisimani mwenyewe."

Nilijua wakati huo yaliyokupata Malaba. Nilikuwa nimeyajua kwa miaka minne. Haikunijia hata mara moja kwamba mambo hayo mawili yangekutana.

Sitayaandika hapa yale ambayo mume wa shangazi alikufanyia mwaka wa 1970, ulipokuwa nyumbani kwake Malaba ukimlelea watoto na kusoma. Uliyaandika mwenyewe, kurasa mbili na nusu, na ziko kwenye faili. Nitaandika yaliyofuata, kwa kuwa niliyashuhudia. Ulirudi nyumbani juu ya lori la pamba, huna viatu, una miaka kumi na miwili. Ulimwambia Mama siku hiyohiyo. Mama aliwaambia wazee wa ukoo. Wazee walikaa, mbuzi akachinjwa, na wakaamua kwamba aibu ifukiwe, maana ndoa ya shangazi ingevunjika na watoto wake watano wangerudi kwetu. Mama hakuila ile nyama. Mimi niliila.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa nimeanza kupeleka habari gazetini. Wiki ile ulinijia nikiwa nanoa penseli. "Wewe unaandika ya watu," ulisema. "Yangu je?" Nilikujibu umalize shule kwanza. Hukuniuliza tena kwa zaidi ya miaka saba.

Ulipouliza tena, hukuuliza kama mtoto. Wakili alikueleza kiasi cha fidia ambacho mahakama huweza kutoa, ukamkatiza. "Sitaki ng'ombe wake, sitaki malori yake. Nataka mtu mwenye muhuri aandike kwamba ilitokea." Wakili aliacha kuandika. Baadaye aliniambia kwamba hajawahi kupata mteja anayejua anachotaka kwa uhakika namna hiyo.

Ulikufa Jumamosi, tarehe 15 Aprili, siku ya pili hospitalini. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Hukunitambua, uliniita kwa jina la Baba. Kesi haikufa nawe. Wakili alipeleka ombi, na jina la Mama likaingizwa mahali pako.

Yaliyobadilika tangu hapo si mengi. Jineri wamemwandika msichana mwingine na kutuletea aproni yako na vijiti vya kufumia, na sweta lililofika mabegani. Mama analala kwenye kitanda chako. Wakati wa matanga mume wa shangazi alileta gunia la sukari, sukari ya magendo bila shaka, na akaketi mbele pamoja na wazee. Mama alishika gunia ncha moja, jirani akashika nyingine, wakaliburuta hadi barabarani na kuliacha hapo kwenye mvua. Shangazi hajaja kwetu tangu kesi ifunguliwe. Mume wake ameezeka kanisa la kwao kwa mabati mapya, na wanamwombea.

Sasa nirudi mahakamani, maana huko ndiko nilikokukosea mara ya pili.

Wakili wa mume wa shangazi hakubishana kuhusu Malaba. Hakugusa hata ukurasa mmoja uliouandika. Alitoa karatasi moja kutoka faili la jineri. Niliitambua kabla hajaifungua, kwa kona iliyokunjika mfukoni mwangu siku ile. Akasoma tarehe ya kuzaliwa. Akahesabu kwa sauti, polepole, kama anayewafundisha watoto: kumi na nane, Septemba 1974, miaka mitatu, Septemba 1977, kesi, Februari 1978. "Na aliyeapa, Mheshimiwa, si mtu wa barabarani. Ni kaka yake mwenyewe, mwandishi wa habari. Kazi yake ni kusema kweli." Alinitafuta kwa macho akanipata, akatabasamu kidogo.

Mama alisimama bila kuitwa. "Bwana Hakimu, huyo mtoto ni wa njaa! Nilimzaa mimi. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Watu walicheka. Wakili yule akasema, "Mheshimiwa, njaa zimepita nyingi." Wakacheka zaidi. Hakimu aligonga meza na kumwambia Mama aketi.

Nanjala, sikusimama. Nilikuwa na daftari gotini na penseli mkononi. Niliandika "njaa zimepita nyingi" kwa sababu mkono wangu umezoea kuandika kila kinachosemwa. Nilijua kwamba anayeapa uongo hufungwa. Nilijua kwamba mhariri wangu hawezi kumweka kazini mtu ambaye kiapo chake ni cha uongo. Niliyapima yote hayo kwa muda ambao Mama alichukua kuketi, kisha nikafungua ukurasa mwingine. Nimekaa mahakamani miaka minane nikiwaandika watu walionyamaza pale walipotakiwa kusema. Nilidhani wao ni watu wa aina tofauti na mimi.

Hakimu akatoa uamuzi, nawe umeshausoma juu.

Nje, Mama hakulia. Tulitembea hadi karibu na kizuizi cha mpakani, ambapo malori ya Uganda yalikuwa yamepangwa yakisubiri, ndipo akaniuliza.

"Ile karatasi aliiandika nani?"

"Ni mimi, Mama. Wakati wa jineri."

Alikuwa amesahau, au hakuwahi kujua kwamba tuliapa. Kwake ilikuwa tu kwamba ulipata kazi. Tukayapita malori yote. Kisha akasema, "Basi nenda ukaiandike tena," akaendelea kutembea mbele yangu. Tangu siku hiyo ananipakulia chakula, ananiuliza kama kimekolea chumvi, basi.

Juzi nilikwenda Kisumu. Wakili ameusoma uamuzi wote, si ule ukurasa tuliosomewa peke yake. Hakimu ameandika kwamba ameamua kwa karatasi iliyokuwa mbele yake, na kwamba ikiletwa hoja kuwa karatasi hiyo si ya kweli, ataisikiliza kabla ya kulifunga faili. Nilimuuliza kama Mama anatosha. Akasema hatoshi, mama yeyote atamtetea mwanawe, na jina la njaa si hati. Anayetosha ni yule aliyeapa, asimame na kusema aliapa uongo, aseme ni kwa nini, na aulizwe maswali.

"Ukifanya hivyo," aliniambia, "siwezi kukuahidi kwamba utalala nyumbani siku hiyo."

Nilimuuliza kama tutashinda kesi. Akasema hapana, hajasema hivyo. Itasikilizwa tu. Mume wa shangazi ataitwa, naye atalazimika kujibu zile kurasa mbili na nusu, moja baada ya nyingine, mbele ya watu.

Jana nilimwandikia mhariri barua ya ukurasa mmoja ili asiyasikie kutoka kwa mtu mwingine. Sikuomba radhi na sikuomba nafasi yangu. Nilimweleza nilichofanya, mwaka gani, na mbele ya nani. Mama nimemwonyesha mahali ambapo hati ya shamba imewekwa, na jirani ameahidi kumpeleka hospitali kama kifua kitamsumbua.

Kuna jambo moja linalonikosesha raha kuliko jela. Watu watasema nimebadilisha maneno kwa sababu umekufa na huwezi kuulizwa. Wakili wa mume wa shangazi atalisema hilo, na atalisema vizuri. Sina jibu zuri la kumpa. Nina jibu la kweli tu: ulikuwa hai, nami nilinyamaza juu ya kiapo kile.

Lala salama, mdogo wangu. Siwezi kukuahidi uamuzi, huo si wangu kuutoa. Nakuahidi kwamba nitaulizwa umri wako na nitautaja, ule aliokupa Mama. Wakili amepeleka ombi na tarehe imetolewa: Alhamisi, 13 Julai, saa tatu asubuhi, mahakama ya Busia. Shahidi wa kwanza ni mimi.

Kaka yako